Paa Lililokataa Rangi

Rangi ilikataa tena, na safari hii Musembi aliiona kwa macho yake ikikataa. Alikuwa amepitisha mkono wa mwisho wa rangi, bunduki ya rangi bado inakoroma mkononi, alipoona pale katikati ya paa rangi ikijitenga na kufanya kijishimo cha duara, kisha kingine kando yake, kisha kundi zima, kama maji yaliyomwagwa kwenye sufuria yenye mafuta. Alizima kompresa. Aliinama, akatazama, akainuka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Musembi," sauti ikasema nyuma yake.

"Naona, boss."

"Hii ni mara ya pili."

"Naona."

Ken Wahome, mwenye gari, alilizunguka lile paa polepole, mikono nyuma, bila kuligusa. "Body uliipiga rangi ikatoka kama kioo," alisema. "Bunduki ni ile ile, rangi ni ile ile, mtu ni yule yule. Sasa shida iko wapi?"

Musembi aliikagua ncha ya bunduki. Angekuwa na jibu angelitoa, hata la uongo.

"Nakupatia chance moja tu. Jumamosi. Ikikataa, naleta painter wa Industrial Area, na tusikosane."

Mtu akikwambia tusikosane, ujue mmekwisha kukosana. Musembi alikunja mipira ya kompresa bila kuinua macho.

Gari lenyewe lilikuwa la kutengenezwa nyumbani, hapo hapo uani, Mountain View. Ken alikuwa mtu wa ofisi ya bima mjini, mwenye tai na viatu vya kung'aa, lakini jioni na wikendi alivaa ovaroli. Alinunua Volkswagen ya zamani ya mgongo wa kobe, akaivua bodi yote, akabaki na sakafu na injini, kisha akaagiza kutoka ng'ambo bodi ya faiba iliyokuja vipande vipande ndani ya makasha. Miaka ikapita akiunga, akikata, akikosea na kuanza upya, majirani wakimcheka. Hatimaye likatokea gari dogo la viti viwili, la chini chini, zuri kusema kweli, lenye rangi ya damu ya mzee ambayo Musembi mwenyewe aliipuliza. Lilikosa paa tu. Ken aliamua kulifinyanga mwenyewe kwa faiba, paa gumu la kufungwa kwa skrubu, maana gari lisilo na paa hapa Nairobi ni karai la kukingia mvua. Na alikuwa ameapa: paa likikamilika, safari ya kwanza ni Naivasha, kwa ule mteremko wa Mai Mahiu.

Kwa hiyo kila kitu kilisubiri paa, na paa lilimsubiri Musembi.

Usidhani Musembi alikuwa mpaka rangi wa kuokotwa. Alitoka Machakos na brashi moja na shavu la ujana, akajifunza kazi katikati ya mji, nyuma ya River Road, enzi zile matatu zilipokuwa zinapambwa kuliko maharusi. Alichora simba, wanamuziki, malaika wenye miwani ya jua. Madereva walipanga foleni. Vijana walikuwa wakiacha matatu tupu ipite ili wapande ile aliyoichora yeye. Halafu mwaka wa 2004 zikaja sheria mpya za matatu, picha zikafutwa zote, kila gari likaamriwa kuwa na mstari wa njano ubavuni, basi. Hivyo ndivyo unga wake ulivyomwagika, kwa mstari mmoja wa njano. Alipiga mistari hiyo mpaka akaanza kuiota, kisha matatu zikaisha kupigwa mistari, akahamia Waithaka kwenye banda la mafundi, akaanza upya na magari ya watu binafsi.

Pale Waithaka hakuna fundi mwenye bango. Jina lako linatembea mdomoni mwa watu, na likiharibika linaharibikia humo humo. Habari za paa la Mountain View zilimtangulia kufika. Aliyezileta hakujulikana, lakini Dalmas, fundi mwenzake mwenye tumbo na maneno mengi, alikuwa anazigawa bure.

"Niaje, Musembi? Nasikia paa imekutapikia tena."

"Ni faiba. Faiba ina mambo yake."

"Faiba haina mambo. Mikono ndio ina mambo. Tina tumeivuta miaka mingi, bwana. Mikono ikichoka haisemi." Dalmas alicheka, na wengine wakacheka naye. Mwenye Peugeot ya kijivu, ambaye alikuwa ameahidi kumletea Musembi gari lake wiki hiyo, alikuwa amesimama hapo hapo. Hakucheka. Alitazama saa yake, akasema atarudi, na gari likaonekana kesho yake likiwa limeegeshwa upande wa Dalmas.

Hilo lilimchoma. Lakini kilichomtisha hasa ni kwamba Dalmas huenda alisema kweli. Tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, Musembi alikuwa ameivuta tangu ujana bila hata kitambaa puani. Alimjua mzee mmoja wa River Road, fundi wa kuogopwa, ambaye mkono ulianza kumtetemeka kidogo kidogo mpaka akaishia kuwa bawabu. Nyumbani Musembi alianza kujipima kwa siri. Alijaza kikombe cha chai mpaka ukingoni, akakishika kwa mkono mmoja, akakitazama. Mkewe Nzula alimkuta hivyo mezani, chai ikiwa imepoa, naye amekodoa macho kikombeni.

"Unatafuta nini humo?" akauliza.

"Hakuna."

Nzula alimwangalia kwa huruma, na ile huruma ilimuuma kuliko kicheko cha Dalmas. Mtu akianza kuhurumiwa na mkewe kwa ajili ya mikono yake, amebakiwa na nini?

Alipiga moyo konde. Alishuka mpaka Kirinyaga Road, akanunua tina duka lingine asilolizoea, akanunua na chujio jipya. Akarudi Mountain View, akaanza kulisugua paa kwa msasa na maji mpaka rangi yote mbovu ikatoka na faiba ikachungulia. Akajaza fila kwenye vitobo, akasugua, akapiga praima, ile rangi ya chini, akaisugua nayo. Siku zote hizo mama yake Ken, mjane aliyeitwa Muthoni, alimletea chai na mkate, akasimama kando ya paa, akainamisha kichwa na kuiombea kazi. Musembi alivua kofia kila mara akaitikia amina. Alimpenda yule mama. Hakuwahi kumuuliza kwa nini rangi inakataa.

Ijumaa jioni, kabla ya kuondoka, alifanya kile afanyacho mpaka rangi yeyote anayejiheshimu: alimwaga maji juu ya paa. Maji yakitandaa sawasawa, pako safi. Yakijikunyata na kufanya matone, pana mafuta. Maji yalitandaa yote, pembe hadi pembe. Akalikausha, akalifunika kwa shuka safi ndani ya banda la gari, akaenda zake akiwa ametulia kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi ya Jumamosi baridi ya Julai ilikuwa bado imeukalia mji. Ken alikuwa ofisini hadi adhuhuri. Musembi alifunua shuka na kumwaga maji tena, si kwa sababu alikuwa na shaka, ila kwa woga tu. Maji yakakimbia. Katikati ya paa yalijikunyata, yakaacha njia mbili zilizokatana, na ukingoni yakaacha alama ya vidole.

Musembi aliinama akazitazama zile njia. Kisha alicheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ule ugonjwa. Si mikono! Si macho, si tina, si uzee! Akagusa, akanusa kidole. Hayakuwa mafuta ya injini. Yalikuwa na harufu tamu ya mafuta ya upako, yale ya kwenye vichupa vidogo yanayouzwa kanisani baada ya ibada.

Akaelewa, au alidhani ameelewa. Mama mcha Mungu, mtoto wake ametengeneza gari kwa mikono yake, lazima aliwekee msalaba. Hasira ikamtoka yote. Alinawa mikono, akaenda mlango wa jikoni, akavua kofia.

"Mama, nina neno."

"Ingia, fundi. Chai iko karibu."

"Najua unatuombea, na mimi sikatazi maombi. Lakini yale mafuta ya upako, ukipaka kwa paa, rangi haiwezi kushika. Inaingia kwa faiba, hata nikiosha inarudi. Si makosa yako, mama. Hukujua."

Muthoni alipunguza moto. Hakugeuka mara moja.

"Nani amekwambia sikujua?"

Musembi alidhani amesikia vibaya.

"Bwanangu alikuwa na gereji hapo Kangemi, wewe ukiwa bado unachunga mbuzi," Muthoni alisema, sasa akimtazama usoni. "Mimi ndio nilikuwa nampangusia gari kabla apige rangi. Siku moja mfanyakazi alikula chapati akashika bonnet na hizo vidole. Alifukuzwa na spana mpaka barabarani. Mimi nisijue mafuta?"

Musembi aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Basi kwa nini?"

"Baba Ken alichukua gari mbili zilizogongwa akaunganisha, akatoa moja. Ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanasimama kuiangalia. Ikaenda naye Mai Mahiu, breki zikakataa. Ken nilikuwa namnyonyesha." Alisema hayo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kuyalilia. "Sasa huyu naye anataka barabara ile ile, na gari ya kujitengenezea. Nimemwambia, anacheka. Nimemwambia pastor, anasema tumwachie Mungu. Ni paa tu imebaki, Musembi. Paa isipokwisha, mtoto wangu analala nyumbani."

"Na mimi?" Musembi alishangaa jinsi sauti yake ilivyopanda. "Mimi, mama? Unajua wananiita nani huko Waithaka? Nimekaa nikiangalia mikono yangu kama ya mlevi! Wateja wamenihama. Unachunga mtoto wako na jina yangu?"

Muthoni aliweka kijiko chini. Macho yake yalionyesha wazi kwamba jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Wewe sikukufikiria," alisema.

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma. Angemtukana ingekuwa afadhali.

"Mwambie basi," akaongeza. "Akirudi mwambie."

"Si mimi wa kumwambia."

Maji ya chai yalianza kuchemka na hakuna aliyeyashughulikia. Muthoni alishika ukingo wa meza. "Musembi, breki zake ni nzuri?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, mambo yangekwisha, angepiga rangi yake na kwenda zake. "Sijui, mama," alisema. "Mimi ni wa rangi."

Alirudi bandani akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Aliosha kwa sabuni, akapangusa kwa tina na matambara mapya, kila tambara mara moja na kutupa, akasugua msasa pale penye msalaba mpaka fila ikaonekana, akajaza upya, akapiga praima, akaosha tena. Jua lilijitokeza, lile jua la Julai la kusitasita. Maji yalitandaa. Kutandaa kulikuwa hakumwambii kitu tena, maana jana pia yalitandaa.

Ken aliingia na tai yake bado shingoni. "Leo ni leo," alisema, lakini hakutabasamu.

Musembi alijaza bunduki. Alimwona Muthoni amesimama mlangoni mwa jikoni, aproni kiunoni, na mfuko wa ile aproni umevimbishwa na kichupa. Hapo Musembi alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alichukua kitambaa cha mwisho, kile safi kabisa cha kuondolea vumbi kabla ya rangi, akamnyooshea.

"Mama, nisaidie kupangusa."

Ken akashtuka. "Mami? Wacha mzaha. Si ufanye wewe?"

"Mkono wangu una jasho," Musembi alisema.

Kisha Muthoni akavua aproni, akaitundika kwenye msumari pamoja na kilichokuwa mfukoni, akaenda kwenye bomba la uani. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akajikung'uta maji, akakausha mikono juani mbele ya mwanawe aliyeduwaa. Akachukua kitambaa. Alianzia katikati ya paa akaenda nje, kwa mikunjo mipya kila mara, bila kurudi nyuma, bila kuacha ukingo hata mmoja. Ungedhani alifanya kazi hiyo juzi. Musembi aliifuata ile mikono kwa macho na hakupepesa, maana tone moja tu lingetosha, na kama angetaka kumwangamiza, nafasi ilikuwa hiyo.

Alipomaliza akasogea nyuma. Musembi akafyatua bunduki.

Alipuliza mkono wa kwanza mwembamba, akangoja. Alipuliza wa pili. Alipomaliza wa tatu alizima kompresa, na wote watatu wakainama juu ya paa. Rangi ya damu ya mzee ililala. Ilitulia, ikajivuta, ikaanza kung'aa, na katikati pale penye msalaba hapakuwa na hata kijishimo.

"Yes!" Ken alipiga kelele, akampiga Musembi bega. "Umeona sasa? Ukitulia, mikono inakubali!"

Musembi alimtazama Muthoni. Alimngoja aseme. Mama yule aliangalia chini, akatwaa aproni yake kwenye msumari, akasema chai inapoa.

Basi. Musembi alirudi wiki iliyofuata akapiga vanishi, akasugua, akaling'arisha paa mpaka mtu akaweza kunyolea ndevu mbele yake, akamsaidia Ken kulifunga kwenye gari. Hakunywa chai ya nyumba hiyo tena. Alisema ameshiba. Alikuwa amekasirika na akawa hana wa kumkasirikia, kwa sababu kila alipofikiria kusema, alimwona yule mama na mtoto mchanga kifuani akipewa habari za Mai Mahiu.

Pale bandani Waithaka mambo yalikuwa yale yale. "Nasikia ya tatu ilikubali," Dalmas alisema, akilisugua lile Peugeot la kijivu. "Kumbe ulikuwa unajifunzia na paa ya wenyewe!" Kicheko kikavuma. Musembi alikuwa anapiga rangi jiko la mtu, jiko la gesi, kazi pekee iliyomfikia wiki hiyo.

Ndipo wakasikia injini, ule mlio wa Volkswagen wa kukwaruza koo, ukipanda kutoka upande wa Uthiru. Gari dogo la damu ya mzee likakata kona, likaja polepole mno, likasimama katikati ya banda. Mafundi waliacha kazi. Ken alikuwa kwenye usukani, mikono yote miwili imeng'ang'ania, shati limelowa jasho licha ya baridi yote ile. Mlango wa pili ulifunguka, akatoka Muthoni, amevaa nguo za kanisa na kitambaa cheupe cha akina mama kichwani. Alishika paa kwanza, kisha akaliachia.

"Hamjambo," alisema.

"Hatujambo, mama," wakaitikia, wengine wakivua kofia bila kujua kwa nini.

"Mimi ni mama ya mwenye hii gari. Huyu Musembi alipiga hii paa rangi ikaharibika. Akapiga tena ikaharibika. Mkamcheka. Ni mimi nilikuwa naipaka mafuta nyuma yake. Nilijua ninachofanya, na ilipokubali nikanyamaza akaendelea kuchekwa. Kijana wangu nimemwambia leo asubuhi. Nyinyi nimekuja kuwaambia hapa, kwa sababu ni hapa mlimcheka. Mikono yake haina shida."

Dalmas alishusha msasa. Alilikaribia gari, akainama akalitazama paa kwa ubavu, kwa jicho moja, jinsi fundi anavyotafuta kasoro ya mwenzake. Alilitazama mpaka mwisho, akazunguka upande wa pili akalitazama tena. "Iko sawa," alisema. "Iko sawa kabisa."

Musembi alitaka kusema neno na akakuta machozi yamefika kabla ya neno. Hakuyaficha. "Asante, mama," alisema.

"Usinishukuru. Nilikukosea." Muthoni alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Nilikuuliza breki ukasema hujui. Sasa mimi najua. Huko kwa mteremko wa Uthiru zimeshika mpaka nikagonga kichwa kwa hiyo paa yako."

"Basi sasa unaweza kutulia, mama."

"Nitulie? Hiyo gari mimi siingii tena, hata unibebe." Alimtazama mwanawe, akalitazama gari, akamsogelea Musembi akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya bomba. "Nipeleke stage, nipande matatu."

Musembi aliweka chini bunduki ya rangi, akampokea mkoba, na wakavuka barabara pamoja.